Sola ikizima, mvua isilaumiwe peke yake

Mwezi wa Julai 2023 mama alinipigia simu kutoka kijijini kwetu, katika miteremko ya Nyandarua upande wa Murang'a, akaniarifu kwamba sola niliyomnunulia imekufa. Mpwa wangu, aliyekuwa mtahiniwa wa KCPE mwaka huo, alikuwa amerudia koroboi.

"Mwanangu," mama akasema, "uliniletea kitu cha watu wa Garissa. Huku kwetu jua liko wapi?"

Nilipomwendea muuzaji aliyetufungia mtambo huo, naye alinyosha kidole juu mawinguni. Ni mvua, mwalimu. Subiri jua liwake.

Kama mwanaisimu, nakiri kwamba nililiona kosa la kwanza katika jina lenyewe. Twasema umeme wa jua, na jua katika Kiswahili ni lile duara la angani, na ni joto lake pia. Basi mtu huamini kuwa paneli huota jua kama mjusi juu ya jiwe. La hasha! Paneli hutaka nuru. Mfaransa Edmond Becquerel aligundua mwaka 1839 kwamba mwanga waweza kuzaa umeme. Joto halimo katika habari hiyo. Tena joto ni adui. Paneli ya kawaida ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu zake kwa kila digrii ya Selsiasi inayozidi 25. Ikipata moto hadi digrii 60, kama iwezavyo kule Garissa adhuhuri, huwa imepoteza kiasi cha moja ya saba. Mvua huipoza, na huiosha vumbi bila malipo.

Hata hivyo, nisiitetee mvua kupita kiasi. Wingu zito huziba nuru, na paneli hubaki ikitoa kati ya asilimia 10 na 25 tu ya nguvu zake. Hapo ndipo hesabu inapohitajika. Paneli ya mama ilikuwa ya wati 50. Siku ya jua zuri, kwa saa tano, ilimpa wati-saa 250. Siku ya ukungu, kama 50. Taa nne za wati tano kwa saa nne hula 80, na televisheni ndogo ya wati 20 kwa saa mbili hula 40. Jumla ni 120. Upungufu wa 70 ulitoka katika betri, ambayo ilikuwa na wati-saa 480, na betri ya risasi haifai kutumiwa kupita nusu yake. Siku tatu hivi, akiba halali imekwisha. Na nani asiyejua kwamba ukungu wetu wa Julai hukaa majuma?

Betri ya namna hiyo ikiachwa tupu, mabamba yake hufanya ukoko na haishiki chaji tena, hata jua lirudi. Ndivyo ilivyotokea. Mvua haikuiua betri. Iliuawa na hesabu iliyopigwa kwa jua la Januari. Kifaa cha kukata umeme betri ikishuka hakikuwekwa, nami sikuuliza. Kanuni za mwaka 2012 zilimtaka fundi wa sola awe na leseni. Hiyo nayo sikuomba kuiona, mimi mwenye shahada ya uzamifu! Yamkini wapo jirani zetu wanaoendelea kulipia kwa awamu sola zilizokwisha kuzima.

Kabla ya msimu wa baridi wa 2024 tulinunua betri mpya, kifaa hicho cha kukata, na paneli ya pili ya wati 50. Tulizilaza kwa mteremko kidogo ili maji yasituame juu yake. Upungufu wa siku ya ukungu ukawa wati-saa 20.

Julai hiyo taa hazikuzimika. Siku za wingu zito mama aliizima televisheni mwenyewe, akidai kuwa taarifa ya habari haina jipya.