Sukari ya chai yaikinga dawa ya nyoka dhidi ya joto

WAKAZI wa Mtongwe, Mtopanga na Miritini wanaijua Mombasa ya mwezi Machi. Bati linawaka, mafuta ya nazi hayagandi hata usiku wa manane, na stima ikikatika asubuhi, samaki wa kwenye friji hafiki magharibi. Dawa ya sumu ya nyoka nayo, ikiwa ni ya majimaji, hutegemea friji na stima hiyohiyo.

Dawa hii haitokani na kuchanganya kemikali. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka mwili wake ujifunze kupambana nayo, kisha damu hutolewa na kingamwili zilizomo zikachujwa. Kingamwili ni protini, kama ute wa yai, na kila mpishi anajua yai likishaiva halirudi kuwa bichi. Ndiyo sababu dawa ya majimaji, mfano ile ya Afrika Kusini, sharti ikae katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi kwa mgonjwa.

Njia ya kulikwepa tatizo hilo ni kuikausha. Dawa hugandishwa ikawa barafu, kisha hewa hufyonzwa chumbani ili barafu igeuke mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Kinachobaki kichupani ni kitu cheupe, chepesi kama sponji.

Hata hivyo, kukausha nako kuna hatari yake. Maji ndiyo yanayoishikilia protini katika umbo lake; yakiondoka, huweza kuharibika na kushikamana mabonge. Hapo ndipo sukari inapoingia. Chembe zake hushika nafasi ya maji, zikaizunguka protini kama kioo kigumu kisichoiruhusu kujongea.

Mwaka 2014 watafiti wa Taasisi ya Clodomiro Picado, huko Costa Rica, walichapisha matokeo ya kulinganisha vitu vitatu: manitoli, sorbitoli na sukrosi, ambayo ni sukari hii hii tunayotilia chai. Dawa zilizokaushwa ziliwekwa miezi sita katika nyuzi 40, kwenye unyevu wa asilimia 75. Zile za manitoli na sorbitoli ziligeuka rangi ya kahawia, na ya manitoli haikulingana na nyingine kwa nguvu. Iliyotiwa sukari kwa asilimia 5 ilistahimili kuliko zote. Sumu waliyoipimia ni ya nyoka wa Amerika ya Kati, lakini kingamwili za farasi ni za farasi popote.

Dawa zilizokaushwa zimekwisha kuingia Kenya. Ile iitwayo Inoserp, kwa mfano, yaruhusiwa kukaa nje ya friji mradi joto lisizidi nyuzi 30. Msomaji wa Changamwe atacheka, maana mchana wa Machi hata kivulini joto hupita hapo, sembuse katika stoo ya bati. Kwa maoni yangu, hapa pwani hata dawa kavu yafaa kuwekwa mahali penye ubaridi, na friji kama ipo. Faida yake ni kwamba stima ikipotea kwa saa kadhaa, shehena haipotei nayo.

Tena dawa kavu haidungwi hivi hivi. Muuguzi huitia maji safi ya sindano, akaizungusha polepole bila kuitikisa ili isitoe povu, akasubiri iyeyuke yote. Mgonjwa wa koboko, ambaye misuli yake ya kupumulia inalegea, huziona dakika hizo ni ndefu.

Na kudumu kwa dawa si kitu ikiwa haimjui nyoka aliyeuma. FAV-Afrique, iliyotumika sana barani, iliachwa kutengenezwa na Sanofi Pasteur mwaka 2014, na akiba ya mwisho ikaisha muda Juni 2016. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2017 na watafiti wa Liverpool yalionyesha kuwa baadhi ya dawa zilizokuwa zikiuzwa Kenya zilikuwa dhaifu dhidi ya sumu za nyoka wa Afrika Mashariki. Pwani yetu ina moma, koboko na swila. Swila mmoja mkubwa alitambuliwa kuwa aina ya peke yake mwaka 2007 tu, akapewa jina la James Ashe, mwasisi wa shamba la nyoka la Bio-Ken, Watamu.

Kwa anayeumwa akiwa Likoni usiku, na hospitali kuu ya pwani iko kisiwani ng'ambo ya kivuko, ni heri jamaa wapige simu kwanza waulize dawa iko wapi. Mgonjwa alazwe, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe. Asichanjwe wembe, asifungwe kamba ya kubana, wala asicheleweshwe kwa kubandikwa jiwe la nyoka. Aliyetemewa machoni na swila aoshwe kwa maji mengi papo hapo, kisha apelekwe kwa daktari. Mtoto akiumwa, apewe dozi ileile ya mtu mzima, kwa sababu nyoka hakumpunguzia sumu.