Hoja na Dongo: Wazo Lako Linapokosolewa Kikaoni

Mwaka jana nikiwa TP, nilisimama kwenye kikao cha walimu kutoa pendekezo. Darasa langu la Kidato cha Pili lilikuwa na wanafunzi 90, na insha zao zilikuwa zinakaa kwangu wiki tatu bila kurudi. Nikasema: tuwaache wasahihishane wenyewe na wapeane alama.

Mwalimu mmoja akadakia, "Hapa siyo chuoni, mwalimu." Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Hao watapeana alama za urafiki." Nikapaniki. Nikaanza kumwaga nadharia zote tangu za mwaka wa kwanza. Kadiri nilivyoongea, ndivyo watu walivyozidi kuangalia saa, hadi mkuu wa shule akahamia ajenda nyingine.

Wakati wa chai, mwalimu mmoja mama wa makamo akaniita. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Umeambiwa mambo mawili, umejibu moja tu."

Ni kweli. La kwanza lilikuwa dongo: lilinilenga mimi na ugeni wangu. La pili lilikuwa hoja: lilionyesha mahali ambapo wazo lingekwama. Nilimaliza pumzi yote kwenye dongo, hoja nikaiacha pale pale.

Wapo wanaoona dawa ni kuzuia watu wasikosoe kabisa. Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara wa Marekani, aliweka kanuni hiyo: kikundi kinapotafuta mawazo, ukosoaji usubiri. Lakini mwaka 2004 Charlan Nemeth na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani na Ufaransa. Kwa jumla, vikundi vilivyoambiwa vijadiliane na hata kukosoana vilitoa mawazo mengi kuliko vilivyokatazwa kukosoa. Kumbe kukosolewa siyo lazima kuue wazo. Kazi ni kujua ushike lipi.

Mimi sasa nafanya hivi. Kwanza, naandika kila ninachoambiwa kabla ya kujibu. Mkono ukiwa unaandika, mdomo unatulia. Pili, kwa kila sentensi najiuliza: ningekuwa mtu mwingine, hili lingesemwa? Kama lingesemwa, hiyo ni hoja. Wakati mwingine dongo lina hoja ndani yake, hivyo nauliza kwa heshima: "Samahani mwalimu, unaona litakwama wapi hasa?" Mwenye hoja atakuonyesha. Tatu, siombi uamuzi siku hiyo hiyo. Naomba kurudi na wazo lililorekebishwa, tena dogo kuliko la kwanza.

Kikao kilichofuata nilirudi na nusu ukurasa. Alama nilikuwa nimeziondoa. Kila mwanafunzi angeandika sentensi mbili tu, moja ya kilichoeleweka na moja ya kilichomchanganya, na insha zingekuwa na namba badala ya majina. Yule wa "alama za urafiki" ndiye aliyeniunga mkono. Nikapewa wiki mbili za majaribio.

Haikuwa miujiza. Wengine waliandika "nzuri sana" wakamaliza. Ila insha zilirudi na maoni siku ile ile, na mimi nikapata muda wa kukaa na wale waliokuwa wamekwama kabisa.

Yule wa "hapa siyo chuoni" sijamjibu mpaka leo. Na sikuona haja.