Je, Wajua? Kuta za Darasa Nazo Hufundisha

• Mwaka 1907 daktari Maria Montessori alifungua shule ya Casa dei Bambini mjini Roma, Italia. Katika shule zake, meza na viti vilikuwa vyepesi na vya kimo cha watoto. Kabati nazo zilikuwa fupi, ili mtoto ajichukulie kifaa na kukirudisha mwenyewe.

• Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la watoto 24 wa chekechea. Watoto walisoma masomo sita ya sayansi: matatu katika chumba kilichojaa picha na mabango, matatu katika chumba chenye kuta tupu. Penye kuta tupu walijibu sahihi asilimia 55 ya maswali. Penye mapambo tele, asilimia 42.

• Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, kilitangaza uchunguzi wa madarasa 153 ya shule za msingi. Mwanga, joto, hewa, rangi na mpangilio wa chumba vilichangia asilimia 16 ya tofauti za maendeleo ya wanafunzi kwa mwaka.

• Hata hivyo, ukuta uliopooza kabisa nao haufai. Watafiti wa Salford walibaini kuwa kinachosaidia ni kiasi.

Mwalimu, fungua madirisha, ondoa mabango yaliyopitwa na wakati, na utundike kazi za watoto wenyewe. Darasa lililopangwa vizuri ni haki ya kila mtoto.