Mpira wa Ukutani: Marehemu na Taazia Zao (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia nilieleza mpira wa mkono wa jadi: si ule wa timu na magoli, bali ule ambao mtu hupiga mpira mdogo ukutani kwa kiganja au kwa ngumi, na mpinzani wake hutakiwa kuurudisha kabla haujadunda mara ya pili. Leo nawageukia waliokwisha kututoka.

Mchezo huu hauna raketi ya kutundikwa katika makumbusho. Ufundi wote umo mkononi, na mkono huzikwa pamoja na mwenyewe. Ndiyo maana taazia ya mchezaji wake ina kazi nzito, na sijasoma iliyoifanya kazi hiyo vizuri kuliko ile ya John Cavanagh, Mwairishi aliyekuwa mpaka rangi za nyumba jijini London. Alifariki mwaka 1819. William Hazlitt, mwanainsha aliyeupenda na kuucheza mchezo huo, alimwandikia katika gazeti la The Examiner, kisha akaitia taazia hiyo ndani ya insha yake juu ya wanamazingaombwe wa Kihindi, katika kitabu cha Table-Talk.

Hazlitt hakuishia kusema marehemu alikuwa hodari. Alieleza jicho lake lilivyopima, na jinsi alivyojua kila mara pigo gani linatakiwa. Akayapima mapigo hayo na tenzi za mshairi Wordsworth na hotuba za wanasiasa wa siku hizo, na mpaka rangi ndiye aliyewashinda wote.

Kuna kisa kimoja hasa. Cavanagh alivaa nguo zake nzuri akaenda kutembea, akakutana na mtu asiyemjua, wakacheza kwa dau la fedha kidogo na chupa ya kinywaji cha tufaha. Mgeni alishindwa mchezo baada ya mchezo, huku akijisifu kwamba pigo fulani hata Cavanagh asingeliweza. Watazamaji walikunywa na kucheka. Alipotokea mtu akamwita Cavanagh kwa jina, mgeni aliuacha mpira uanguke, akakataa kuendelea. Cavanagh alikuwa akisimulia kwamba muda wote huo alipiga kwa ngumi iliyofumbwa.

Mashabiki nao hawakusahaulika. Pale Copenhagen House, nyumba ya vinywaji ya London alikokuwa akicheza Cavanagh, ukuta wa kuchezea ndio uliokuwa ukuta wa jiko. Kishindo kikizidi, wapishi walijua Mwairishi yuko uwanjani, na nyama ikitikisika kwenye vyuma vya kuchomea. Wapishi hao hawakutajwa majina, lakini wamo, na mimi nawahesabu miongoni mwa waombolezaji.

Nyumba hiyo ilibomolewa katika miaka ya 1850, pakajengwa soko la ng'ombe. Ukuta haupo, taazia ipo.

Kule San Sebastián, katika nchi ya Wabaski, uwanja wa pelota, mpira wa ukutani wa huko, umepewa jina la Atano III, bingwa aliyefariki mwaka 2001. Ni heshima kubwa, ila jina mlangoni halimwelezi kijana namna bingwa huyo alivyopiga. Wala "pengo lisilozibika" la kurasa zetu za michezo halimwelezi.

Basi, msomaji, ukiombwa kumwandikia mchezaji aliyefariki, watafute waliosimama naye ukutani wangali hai. Waulize alipiga kwa mkono upi, alisimama wapi, na ni nani waliokuwa pembeni wakimshangilia. Yaandike hayo kabla ya sifa.