Klipu Inayofunguka: Kidude Kidogo Kinachowasumbua Makanika wa Nakuru na Wetu wa Pwani

Magari mengi yaliyotumika yanayotembea Nakuru, Njoro, Gilgil na Naivasha yaliingia nchini kupitia kwetu, bandari ya Kilindini. Kanuni ya Kenya inaruhusu gari lisilozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo gari linaposhuka melini, vipande vyake vya plastiki tayari vina umri. Kisha linapanda bara, linaacha joto na unyevu wa bahari, linafika mji ulio juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, wenye jua kali mchana na baridi usiku. Siku mtambo wa kupandisha kioo ukikwama, makanika anatia bisibisi ukingoni mwa paneli ya mlango, anavuta, na husikika "kak!" Klipu imevunjika.

Wengi huona hilo ni jambo dogo. Lakini ile klipu ndiyo iliyokuwa imeshika paneli na bati la mlango. Zikivunjika tatu au nne, paneli inaanza kupiga kelele kwenye kila shimo la barabara. Mwenye gari akichoka anamwambia fundi, "Piga skrubu." Skrubu inatoboa paneli, inatoboa na bati, na pengine inagusa waya wa spika au wa kufuli. Gari hilohilo likiuzwa na kurudi Pwani, tundu lile lisilopakwa rangi linakutana na hewa ya chumvi, na kutu inaanza kula. Ndiyo maana ya usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Makala haya yanaeleza namna klipu ya aina hii inavyofanya kazi, na namna ya kuunda ile inayoshika imara lakini ikakubali kufunguka inapotakiwa. Fundi anayeelewa hesabu yake ataharibu paneli chache, na kijana mwenye ujuzi wa plastiki anaweza kuifanya kazi.

Ulimi na jino

Kina mama wa Pwani wanakijua kifungo hiki tangu zamani. Vile vifungo vya chuma vya buibui, unavyobonyeza vikalia na kuvuta vikaachia, ni jamaa wa klipu ya gari. Mjerumani Heribert Bauer alipata hataza ya kifungo cha namna hiyo mwaka 1885. Siri yake ni moja: kuna sehemu inayopinda kidogo, ikapisha, kisha ikarudi mahali pake. Kule kurudi ndiko kunakoshika.

Klipu ya plastiki ina sehemu mbili za kuangalia. Ya kwanza ni ulimi, yaani ule mkono mwembamba unaopinda. Ya pili ni jino, yaani ile nundu iliyo mwishoni mwa ulimi. Ukisukuma klipu kwenye tundu la bati, ukingo wa tundu unalisukuma jino ndani, ulimi unapinda, jino linavuka upande wa pili, ulimi unarudi, na bati linakuwa limekamatwa.

Jino lina miteremko miwili. Mteremko wa mbele ndio wa kuingilia. Mteremko wa nyuma ndio wa kutokea. Watu wengi huutazama wa mbele tu. Ila wa nyuma ndio unaoamua kama klipu itafunguka au itavunjika.

Tuchukue mfano. Msuguano wa plastiki na bati uwe 0.3, na mteremko wa kuingilia uwe wa nyuzi 30. Ikiwa mteremko wa kutokea ni nyuzi 45, nguvu ya kuitoa klipu itakuwa takriban mara moja na robo tatu ya nguvu ya kuiingiza. Ukiufanya nyuzi 60, nguvu ya kuitoa inafika kama mara nne. Ukizidi nyuzi 73 hivi, klipu inajifunga: hata uvute namna gani, jino halitelezi, na kitakachokubali ni plastiki kuvunjika. Jino la nyuzi 90, lililosimama wima kama ukuta, halitoki kabisa mpaka ulimi usukumwe ndani kwa mkono au kwa kifaa.

Basi anayebuni klipu ajiulize kwanza: paneli hii itafunguliwa mara ngapi, na nani ataifungua? Paneli ya mlango itafunguliwa kwa ajili ya kioo, kufuli, spika na nyaya. Nyuzi 45 hadi 60 zinaifaa. Kifuniko kisichotakiwa kuguswa maisha yote kinaweza kupewa jino la wima.

Urefu wa ulimi ndio uhai wake

Jambo la pili ni kupinda. Plastiki ikipinda, upande wa nje unavutika. Kila aina ya plastiki ina kiwango chake cha kuvutika, na ukikipita inapasuka au inabaki imelegea. Hesabu yake si ngumu: chukua moja na nusu, zidisha kwa unene wa ulimi, zidisha kwa kimo cha jino, kisha gawanya kwa urefu wa ulimi uliozidishwa kwa wenyewe.

Tuseme ulimi una unene wa milimita 1.5, jino lina kimo cha milimita 1, na ulimi una urefu wa milimita 10. Jibu ni 0.0225, yaani plastiki imevutika kwa asilimia 2.25. Nailoni kavu inaweza kustahimili karibu asilimia 4 kwa mara moja. Lakini kwa kitu kinachofungwa na kufunguliwa mara kwa mara, wabunifu hushika kanuni ya kutumia asilimia 60 tu ya kiwango hicho, yaani 2.4. Ulimi wetu umepita, japo kwa chupuchupu.

Sasa ufupishe ulimi uleule uwe milimita 7, ili klipu iwe ndogo na plastiki iokolewe. Jibu linaruka hadi asilimia 4.6. Umepunguza milimita tatu tu, na klipu iliyokuwa iishi miaka sasa inavunjika siku ya kwanza. Kwa upande mwingine, ukiurefusha mara mbili, mvutano unashuka hadi robo. Klipu nyingi za bei rahisi zinazovunjika mikononi mwa mafundi zina kasoro hii: ulimi ni mfupi mno na mnene mno.

Fundi anayetaka kuongeza nguvu mara nyingi huongeza unene. Hapo ndipo anapojikwaa. Unene ukiongezwa mara mbili, nguvu ya kuupinda ulimi inaongezeka mara nane, na mvutano nao unakuwa mara mbili. Ukitaka kushika zaidi, ongeza idadi ya klipu, au rekebisha mteremko wa nyuma. Tena ulimi usiwe na unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Uwe mnene shinani na upungue hadi nusu kuelekea kwenye jino, ili kupinda kusambae badala ya kulemea shina. Na pale shinani pasiwe na kona kali, kwa maana ufa huanzia hapo. Paviringishwe kidogo, kadiri ya nusu ya unene wa ulimi.

Tundu nalo lina hesabu yake

Klipu nzuri kwenye tundu baya ni kazi bure. Tuseme tundu la bati lina upana wa milimita 8, na meno mawili yakitanuka yana upana wa milimita 10. Kila jino linashika milimita 1. Fundi akilipanua tundu kwa keekee hadi milimita 9, kila jino linabaki na nusu milimita ya kushika. Paneli itadondoka kwenye tuta la kwanza, na lawama itaangukia klipu.

Unene wa bati pia una kauli. Bati la mlango wa gari dogo kwa kawaida halifiki milimita 1. Lililozibwa kwa bati jingine, au lililopakwa rangi tabaka juu ya tabaka, linakuwa nene kuliko nafasi iliyoachwa kati ya jino na kichwa cha klipu. Jino halivuki, fundi anagonga kwa kiganja, na klipu inavunjika. Pima bati kwanza. Na kwa kuwa mabati hayalingani, ule mteremko wa nyuma una faida ya pili: jino lenye mteremko linabana bati jembamba na nene kidogo bila kulegea, ilhali jino la wima linataka unene mmoja tu.

Hewa ya Pwani, hewa ya Bonde la Ufa

Jambo hili wengi hawalijui. Nailoni hunywa unyevu kutoka hewani. Ikishakunywa, inakuwa laini na inakubali kupinda. Ikikauka, inakuwa ngumu na rahisi kuvunjika. Hewa ya Mombasa, Lamu au Malindi imejaa unyevu mwaka mzima. Nakuru, hasa wakati wa kiangazi, hewa ni kavu, jua la nyanda za juu linachoma plastiki, na alfajiri kuna baridi. Klipu ileile inayovutika kwa upole Kisauni inaweza kukatika Nakuru saa moja asubuhi.

Kwa hiyo makanika wa huko afanye mambo mawili yasiyo na gharama. Kwanza, gari liachwe juani mpaka paneli ipate joto kabla ya kuifungua. Pili, klipu mpya za nailoni zilowekwe kwenye maji ya moto kwa saa kadhaa kabla ya kufungwa. Anayeunda klipu kwa ajili ya soko la bara aweke hesabu yake kwa nailoni kavu, asitegemee ulaini wa Pwani.

Nacho kifaa cha kufungulia kina umuhimu. Bisibisi inasukuma sehemu moja na kuipinda klipu upande. Kinachotakiwa ni wenzo mpana wenye mdomo wa panda, wa plastiki ngumu, unaoingia pande zote mbili za shingo ya klipu na kuivuta moja kwa moja. Uanze pembeni, ufungue klipu moja moja. Ukivuta paneli nzima kwa pupa, klipu zote zinakupinga kwa pamoja. Na mbunifu mwenye busara anaacha upenyo mdogo ukingoni ambapo wenzo utaingia bila kukwaruza kitu.

Mfano kutoka mashamba ya Naivasha

Asiyeamini kwamba kifungo kinachofunguka ni mali, atazame nyumba za plastiki za kukuzia maua kando ya Ziwa Naivasha. Plastiki ile ni nyembamba, na jua huichosha baada ya miaka michache, kwa hivyo lazima ibadilishwe. Kwenye nyumba za namna hii kuna njia ya kuishika kwa mfereji wa chuma na waya uliopindwa zigizaga. Plastiki inalazwa juu ya mfereji, waya unasukumwa ndani, unatanuka na kuibana. Siku ya kubadilisha, waya unavutwa kutoka ncha moja, unatoka wote, na unatumika tena. Aliyebuni waya ule alijua tangu mwanzo kwamba plastiki itakufa kabla ya nyumba.

Sisi watu wa Pwani tulikuwa na fikra hiyo kabla ya plastiki. Mtepe, jahazi la visiwa vya Lamu, mbao zake zilishonwa kwa kamba ya makumbi. Kamba ikichoka, ilikatwa na kushonwa upya, na ubao uliooza ukabadilishwa bila kuharibu jirani yake. Wahenga walijua kuwa kitu kitakachotengenezwa ni lazima kwanza kikubali kufunguliwa.

Kwa vijana wetu

Klipu hizi zinaweza kuundwa hapa. Mashine za kuchapa plastiki tabaka kwa tabaka zinafaa kwa majaribio. Ila klipu ichapwe ikiwa imelala, ili tabaka zipite kwa urefu wa ulimi. Ikichapwa imesimama, tabaka zinaachana mara tu ulimi unapopinda. Chapa tatu zenye miteremko ya nyuma ya nyuzi 45, 50 na 60, zifunge kwenye kipande cha bati halisi, zifungue mara ishirini, uone ipi imebaki na nguvu. Ukishapata, ndipo uende kwa mwenye kalibu akumwagie nyingi.

Na wenye vyuo vya ufundi, bara na Pwani, wafunze hesabu hii fupi pamoja na kupiga skrubu na ribiti. Mwanafunzi anayeijua atampa mwenye gari mlango uliofungwa vizuri bila tundu jipya hata moja. Naye msomaji, siku ukimpelekea fundi gari lako, muulize swali moja kabla hajashika bisibisi: "Ukifungua, utarudisha kwa klipu au kwa skrubu?" Jibu lake litakuonyesha umempata fundi wa namna gani.