Benki Iliyohamia Dukani

Tawi la benki ni kitu cha gharama. Linataka jengo imara, chumba cha kuhifadhia fedha, walinzi wenye silaha, umeme usiokatika ovyo, watumishi wa mshahara na gari la kusafirisha noti. Gharama hizo ni zilezile, mteja awe mfanyabiashara wa Kariakoo anayeweka mamilioni kila jioni, au mkulima wa korosho wa Tandahimba anayeshika fedha msimu mmoja na kuidokoa kidogo kidogo miezi inayobaki. Kwa hesabu hiyo benki nyingi ziliishia makao makuu ya wilaya, na mtu wa kijijini ndiye aliyezifuata. Alipanda gari la alfajiri, akapanga foleni, akatoa shilingi 50,000, na sehemu nzuri ya fedha hiyo ikaishia kwenye nauli na chakula cha njiani. Akikuta mtandao uko chini, anarudi kesho yake. Wengi waliona heri kibubu au mbuzi, ingawa kibubu huibwa na mbuzi hufa.

Tanzania imejaribu zaidi ya mara moja kuufupisha umbali huo. Mabenki yalitaifishwa tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, na ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, iliyopeleka huduma hata mahali ambapo faida haikutarajiwa. Mwaka 1971 ikafuata benki ya maendeleo vijijini, mzazi wa CRDB ya leo. Lakini mikopo mingi iliyotolewa kwa amri haikurejeshwa, na hasara ikawa mzigo wa serikali. Sheria ya mwaka 1991 ikafungua mlango kwa benki binafsi, nazo zikaanzia kwenye miji yenye fedha. NBC ilipogawanywa mwaka 1997, matawi mengi ya wilayani yalikwenda NMB, benki ambayo kwa walimu na wastaafu wengi wa vijijini ndiyo iliyokuwa benki pekee waliyoijua.

Mageuzi yaliyofika hadi kitongojini yalianzia kwenye simu ya mkononi. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, kisha zikaja Tigo Pesa, Airtel Money na nyingine. Jambo ambalo watumiaji wengi hawaelezwi ni kwamba salio linaloonekana kwenye simu halikai mikononi mwa kampuni ya simu. Kila shilingi iliyo kwenye simu za wateja inapaswa kuwa na shilingi mwenzake kwenye akaunti ya amana ndani ya benki, na kampuni hairuhusiwi kuigusa kwa shughuli zake. Amana hizo huzaa faida, na mwaka 2014 Tigo ikaanza kuwagawia wateja wake faida hiyo. Katika miaka hiyohiyo kampuni zilikubaliana kuunganisha mifumo. Vodacom, kampuni yenye M-Pesa, ilipojiunga mwaka 2016, mtu wa mtandao mmoja akaweza kumtumia wa mtandao mwingine moja kwa moja kutoka simu hadi simu.

Benki nazo zikajifunza kutoka kwa simu. Mwaka 2013 Benki Kuu ilitoa mwongozo wa uwakala wa benki, na duka la kawaida likaruhusiwa kupokea na kutoa fedha kwa niaba ya benki. Kwanza sharti lilikuwa mwombaji awe na uzoefu wa biashara wa miezi 18. Julai 2021 sharti hilo liliondolewa, ikabaki kitambulisho cha taifa au namba yake. Uamuzi huo mdogo wa kiofisi ulikuwa na maana kubwa kijijini, kwa sababu kijana anayeanza biashara hawezi kuonyesha uzoefu ambao hajapewa nafasi ya kuupata.

Kazi ya wakala inaeleweka vizuri ukisimama mbele ya kaunta yake. Rafu moja ina sabuni, viberiti na mafuta ya kupima. Pembeni kuna kimashine na simu mbili tatu. Mteja anamkabidhi noti za shilingi 100,000 ili aweke kwenye akaunti yake. Wakala anapokea noti, na kimashine kinakata kiasi hichohicho kwenye akaunti ya wakala mwenyewe, ile inayoitwa floti, na kukiingiza kwa mteja. Mteja akija kutoa, mambo yanageuka: noti zinatoka kwenye droo, floti inapanda. Kwa hiyo wakala anahitaji vitu viwili kwa wakati mmoja, floti na fedha taslimu, na vyote ni mtaji wake. Malipo ya korosho au pamba yanapoingia kwenye akaunti za wakulima, kijiji kizima huja kutoa siku hiyohiyo. Droo inakauka kabla ya saa nne asubuhi. Wakala anafunga duka, anapanda bodaboda kwenda mjini kufuata noti, na anarudi na mfuko ambao kila mtu njiani anajua una nini. Kamisheni anayopata kwa kila muamala ni ndogo ukiilinganisha na hatari hiyo. Anayesema huduma za fedha zimefika kijijini anamsema mtu huyu, na anastahili ulinzi na malipo bora kuliko anayopata.

Umbali umepungua kweli. Tafiti za FinScope zinaonyesha kuwa watu wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha Tanzania walipanda kutoka asilimia 65 mwaka 2017 hadi asilimia 76 mwaka 2023. Ila sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni simu. Mwaka huo wa 2023 waliotumia benki yenyewe walikuwa takriban mtu mmoja kati ya watano.

Kilichobaki kuwa kikwazo ni bei. Anayetuma shilingi 5,000 kwa mama yake hukatwa ada ya kutuma, na kama ni mwana mwema huongeza na “ya kutolea”, kwa sababu mama naye atakatwa. Ada hizo huenda kwa madaraja, na anayetuma kidogo ndiye anayekatwa sehemu kubwa zaidi ya fedha yake. Julai 2021 serikali iliongeza tozo juu ya ada hizo, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Septemba mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikashushwa tena. Mtu anayehesabu shilingi mia mia huona kila makato, na yakizidi hurudi kwenye kibubu au humpa dereva wa basi bahasha.

Kuna pia suala la namba ya siri. Mzee asiyesoma vizuri humpa wakala simu na kumtajia tarakimu zake nne kwa sauti, watu wakiwa kwenye foleni nyuma yake. Matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” wanamtafuta mtu wa aina hiyo. Menyu fupi ya Kiswahili husaidia, lakini asiyesoma bado anahitaji macho ya mtu mwingine.

Upande wa mikopo ndipo kijiji kilipoachwa nyuma zaidi. Benki inataka dhamana. Mwanakijiji ana shamba, na pengine ana hati ya hakimiliki ya kimila iliyotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, lakini maofisa mikopo wengi husita kuipokea, kwa kuwa si rahisi kumuuzia mgeni shamba la ukoo. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, ulitoa njia nyingine: mazao yaliyopimwa na kuhifadhiwa ghalani huweza kuwa dhamana. Tangu Julai 2021 Benki Kuu pia hutoa nafuu kwa benki zinazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Asiyefikiwa na mikopo hiyo huangukia kwenye ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mkopeshaji hushikilia kadi ya benki ya mwalimu, au huja kubeba godoro na televisheni rejesho la wiki likichelewa.

Katikati ya benki na kausha damu wanakijiji wamejijengea chombo chao. Kikundi cha VICOBA, yaani benki ya kijamii ya kijijini, huwa na wanachama 30 au pungufu wanaokutana kila wiki, mara nyingi chini ya mti au kwenye darasa tupu. Kila mmoja hununua hisa, na mfuko wa jamii huwekwa kando kwa ajili ya misiba na maradhi. Fedha hukaa kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti ambao si watunza kisanduku. Mkopo hutolewa mbele ya wote, na dhamana yake ni macho ya majirani. Riba hubaki ndani ya kikundi na hugawanywa mwisho wa mzunguko, mara nyingi kabla ya shule kufunguliwa au mvua za kupandia kuanza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi hivi kama daraja la nne la watoa huduma na kuvitaka visajiliwe.

Benki zilichukua muda kuona kwamba kikundi cha watu 30 wenye kumbukumbu za marejesho ni mteja mzuri kuliko mtu mmoja mwenye hati. Sasa zinafungua akaunti za vikundi, na tangu 2019 kipo kibubu cha simu cha M-Koba, kinachomwezesha kila mwanachama kuona kilichoingia na kilichotoka bila kusubiri mkutano. Kwenye vijiji ambako mtandao husuasua, kisanduku bado kipo chini ya kitanda cha mtunzaji, na funguo tatu zimelala kwenye nyumba nyingine tatu.