Kompyuta Iliyoongezwa Mwendo: Namna ya Kutafuta Kosa

Ndugu wanakisomo wa Ubaruku na wa vijiji vyote vya Usangu, natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: MWENDO, JOTO, UMEME. Somo la leo limo ndani ya maneno hayo.

Nyote mnazijua mashine za kukoboa mpunga. Wakati wa mavuno, foleni ya magunia ikiwa ndefu, mwendeshaji huenda akatamani kuiendesha mashine kwa mwendo kupita kiasi ilichowekewa. Kazi itakwenda upesi, ndiyo. Lakini mchele utatoka chenga, na mikanda itapata moto. Mchele wa chenga bei yake ni ndogo. Basi faida ya mwendo imeliwa na hasara.

Kompyuta ya mezani nayo yaweza kufanyiwa hivyo. Ndani yake mna sehemu mbili tutakazozitaja sana. Ya kwanza ni prosesa, ambayo hufanya hesabu zote. Ya pili ni kumbukumbu, ambayo mafundi huiita ramu. Humo prosesa huweka kazi iliyo mkononi, kama karani awekavyo karatasi zake mezani. Prosesa hufuata mapigo, kama wachezaji wafuatavyo ngoma. Prosesa ya gigahezi 3 hupiga mapigo 3,000,000,000 kwa sekunde moja. Mtu akibadili mipango ili mapigo ya prosesa au ya ramu yazidi kiwango cha kiwandani, twasema ameongeza mwendo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1998 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa prosesa iliyoitwa Celeron 300A. Mapigo yake yalipatikana kwa kuzidisha megahezi 66 kwa nne na nusu, yaani karibu 300. Watu wakaweka 100 mahali pa 66, wakapata 450. Prosesa nyingi zilistahimili, lakini si zote. Kwa nini? Kwa sababu kiwanda huahidi kile kiwango kilichoandikwa tu. Kinachozidi hapo ni bahati ya kila prosesa, hata kama zimetoka kiwanda kimoja na zina jina moja. Tena, kompyuta nyingi za ofisini zinazouzwa mtumba haziruhusu kabisa mabadiliko haya.

Sasa tuangalie hatari yake. Tuseme kikundi cha wakulima kina kompyuta ya kuandikia hesabu ya magunia, na kijana mmoja ameiongeza mwendo. Kompyuta ikizimika ghafla, ikiganda, au skrini ikigeuka rangi na kuandika maneno ya kosa, angalau imetuambia kwamba ni mgonjwa. Iliyo mbaya zaidi ni ile inayokosea kimya. Kompyuta huandika namba kwa alama mbili tu, 1 na 0. Namba 57 huandikwa 111001. Alama ya kwanza ikigeuka kuwa 0, namba hiyo inakuwa 25. Hakuna kengele iliyolia, wala taa iliyozimika, lakini mkulima amepotelewa na magunia 32. Kwa hiyo kompyuta iliyowaka si lazima iwe kompyuta nzima. Yapasa ipimwe.

Tutaipimaje? Fuateni hatua hizi kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza: wekeni akiba. Hesabu zote na zinakiliwe kwenye flashi kabla ya kugusa kitu.

Hatua ya pili: rudisheni mipango ya kiwandani. Ndani ya kompyuta mna programu ndogo ya kuiamsha, iitwayo bayosi. Humo mna mahali pa kurudisha mipango yote kama ilivyotoka kiwandani. Ikiwa kompyuta haiwaki hata kidogo, chomoeni kwanza waya wa umeme ukutani, kisha toeni ile betri ndogo ya mviringo kwenye ubao mkuu kwa dakika chache. Katika kompyuta nyingi za mezani bayosi itasahau mabadiliko. Halafu itumieni kompyuta kwa kazi ya kawaida. Kosa likitoweka, mwendo ndio uliolileta. Kosa likibaki, msiulaumu mwendo, tafuteni kwingine.

Kwingine ni wapi? Kwanza ni umeme. Kompyuta ilipozimika, je, taa nazo zilififia? Kama ndivyo, huenda kosa liko katika umeme wa nyumba. Pili ni vumbi. Fungueni kasha, baada ya kuchomoa waya, mwone kama feni inazunguka bila kukwama na kama chuma cha kupozea kimezibwa na vumbi. Tatu, chomoeni ramu na kuirudisha vizuri mahali pake, maana ramu iliyolegea huleta makosa yale yale.

Hatua ya tatu: pimeni joto. Prosesa nyingi za siku hizi hujipunguzia mwendo zenyewe zikifika karibu nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi, yaani karibu na joto la maji yanayochemka. Hapo mwendo mlioutafuta hamnao tena. Zipo programu za kuonyesha joto hilo kwenye skrini. Likipanda mno, safisheni vumbi, na mpake upya dawa ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na chuma chake. Kumbukeni pia majira. Kompyuta iliyostahimili kwenye baridi ya Juni yaweza kushindwa mchana wa Oktoba au Novemba, kabla ya mvua. Ipimeni saa nane mchana, chumbani mtakamoitumia.

Hatua ya nne: pimeni ramu peke yake. Prosesa na ibaki katika mwendo wa kiwandani. Fahamuni kwamba mwendo mkubwa ulioandikwa kwenye pakiti ya ramu mara nyingi ni mwendo ulioongezwa. Ramu ya aina ya DDR4 kwa kawaida hutumia volti 1.2, na zile za mwendo ulioongezwa mara nyingi hutaka 1.35. Iko programu iitwayo Memtest86+, ambayo huwashwa kutoka kwenye flashi. Huandika alama katika kila sehemu ya ramu, kisha huzisoma tena kuona kama ni zile zile. Iacheni ifanye kazi usiku kucha. Ikionyesha kosa moja tu, ramu imeshindwa mtihani. Hapa hakuna kusamehe. Punguzeni mwendo wa ramu, mpime tena. Ikishindwa hata katika mwendo wa kiwandani, pimeni kipande kimoja kimoja mpaka mkigundue kibovu.

Hatua ya tano: pimeni prosesa peke yake, ramu ikiwa katika mwendo wa kiwandani. Ongezeni kidogo, kama megahezi 100, kisha mpime. Programu moja inayotumiwa sana ni Prime95. Ilitokana na kazi iliyoanza mwaka 1996 ya kutafuta namba tasa kubwa, yaani namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Huipa prosesa hesabu nzito kwa saa nyingi, na kuhakikisha kama majibu ni sawa. Jibu likikosewa, rudini nyuma hatua moja.

Wengine, badala ya kurudi nyuma, huongeza volti. Volti zaidi huweza kuituliza prosesa, lakini huleta joto. Joto hupanda kwa kadiri ya mwendo, na kwa kadiri ya volti ikizidishwa kwa yenyewe. Mtu akiongeza mwendo asilimia 10 na volti asilimia 10, hesabu yake ni 1.1 mara 1.1 mara 1.1, yaani 1.331. Amepata mwendo wa sehemu moja ya kumi, naye amelipa kwa joto la karibu theluthi nzima. Tena volti ikizidi mno huiharibu prosesa, wala haitengenezeki.

Hatua ya sita: prosesa na ramu zikifaulu kila moja peke yake, zipimeni pamoja. Huenda zikashindwa pamoja, maana joto sasa ni la zote mbili.

Ndugu zangu, yako makosa ambayo wengi huyafanya: hubadili mambo matatu kwa siku moja. Kompyuta ikipona, hawajui dawa ilikuwa ipi. Ikiugua zaidi, hawajui sumu ilikuwa ipi. Badilini jambo moja, pimeni, andikeni. Daftari la kazi hii liwe na safu tano: tarehe, kilichobadilishwa, volti, joto, matokeo. Anayejua kusoma na kuandika anao uwezo wa kulijaza daftari hilo, nalo litamfaa fundi yeyote atakayeitwa.

Na ikiwa kompyuta hiyo ndiyo inayotunza hesabu za watu, ushauri wangu ni mfupi: iachieni mwendo wa kiwandani. Majaribio na yafanywe kwenye kompyuta ambayo kosa lake halimpotezei mtu gunia lake.

Maneno ya kujifunza

Bayosi: programu ndogo inayoamsha kompyuta.
Prosesa: sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu.
Ramu: kumbukumbu ya kazi iliyo mkononi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini kompyuta inayokosea kimya ni ya hatari kuliko inayozimika?
2. Kompyuta imerudishwa katika mipango ya kiwandani, nayo bado inazimika. Mtatazama nini kwanza?
3. Fundi amebadili volti na ramu kwa wakati mmoja. Mtamshauri nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.